Wiki ya Siku Sita

Wanangu wa chumba cha data, siku mliponiaga kwa keki na kitenge mliniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi yetu. Nimechelewa, kwa sababu mstaafu ana shughuli nyingi kuliko mtumishi. Hapa Iringa kuna kwaya, kuna vikao vya wanawake wa usharika, kuna mahindi ya kupukuchua, na kila anayepita anaamini kwamba mtu asiyekwenda ofisini hana la kufanya. Leo mvua imenifungia ndani. Namshukuru Mungu kwa mvua na kwa nafasi.

Sitaandika habari za vyeo. Nilivyopata vilikuja vyenyewe, na nilivyokosa sikuvililia sana. Nitaandika habari za grafu.

Nilifika Mbeya nikitokea Mafinga, binti wa seremala, na sweta moja lisilotosha baridi ya huko. Kituo chetu cha utafiti kilipima mvua, mito, na maji ya mashamba ya mpunga kule bondeni. Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na meza moja ndefu, karatasi za grafu, kalamu za wino mweusi, na wembe wa kukwangulia wino mtu akikosea. Na palikuwa na Mzee Asajile, Mnyakyusa mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliponiona mlangoni alinisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile." Nikamjibu kwa Kihehe, "Kamwene." Akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Haya, Babeli imeanza," alisema. "Tutafanya kazi kwa Kiswahili. Kaa hapa."

Grafu yangu ya kwanza ilinichukua siku nzima. Mistari ilikuwa myembamba, herufi zimesimama wima, nami nilikuwa nimejipongeza kimyakimya. Mzee Asajile hakuitazama michoro hata kidogo. Aliweka kidole kwenye mstari wa namba ulio chini ya grafu na kusema, "Nisomee mhimili."

Nilidhani ananidharau. Nikasoma, "Moja, mbili, tatu, nne, tano..."

"Tano ya nini?"

"Mwezi wa tano, Mzee."

"Mwezi wa tano wa mwaka, au mwezi wa tano tangu msimu wa mvua uanze?"

Sikuwa nimeuliza.

"Nenda kamuulize aliyepima," alisema, bila ukali, kama mtu anayemtuma mtoto chumvi. Aliyepima aliishi mbali, nikarudi jioni na matope mpaka magotini. Ulikuwa mwezi wa tano wa msimu. Wembe ukafanya kazi yake. Tangu siku hiyo sikumpelekea karatasi Mzee Asajile kabla sijajisomea mhimili kwa sauti, nikiwa peke yangu, hata wafagiaji wakadhani nasali. Mara nyingine nilikuwa nasali kweli.

Alistaafu mwaka ule kompyuta zilipoingia. Walimwonyesha ya kwanza ikichora mstari kufumba na kufumbua. Aliitazama kwa heshima, akasema, "Vizuri sana. Sasa makosa yetu yatakuwa masafi." Mungu amrehemu. Nimekutana na makosa masafi mengi baada yake.

Kwanza tulichora kwa yale majedwali ya kompyuta ambayo kila ofisi inayo. Halafu, nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanajifunza kulea wajukuu, akaja Neema. Alikuwa ametoka chuo kikuu na anaandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, na laibrari yake ya kuchorea, yaani hazina ya amri zilizo tayari, ilichora chochote ulichotaka. Nilimfundisha mito, yeye akanifundisha kodi, si ile ya serikali, bali maandishi ya kuiamuru mashine. Aliniita Mama, nami nilimwita binti hata mbele ya wakubwa, jambo ambalo halimo kwenye kanuni za utumishi. Kila nilipoacha mabano wazi alisema, "Mama, funga mlango." Nikaelewa haraka, kwa sababu nimetoka Mafinga na upepo wa kule naujua.

Shida tulizokutana nazo ndizo mnazokutana nazo ninyi, kwa hiyo msijione mmelaaniwa. Kijana mmoja wa mafunzo alimpelekea mkuu wa kituo ripoti yenye picha nyeupe tupu kila ukurasa. Mkuu akatuita. "Hizi ni grafu za nini? Ukungu wa milima ya Uporoto?" Kijana alikuwa ametoa amri ya kuonyesha picha kwanza, halafu amri ya kuihifadhi. Kwa kodi ya namna yake, ukishafunga dirisha la picha, picha imekwenda, na kinachohifadhiwa ni karatasi safi. Hifadhi kwanza, onyesha baadaye. Hata mgeni hupakuliwa chakula kabla sufuria haijaondolewa.

Safari nyingine mvua ya kituo kimoja ilishuka chini ya sifuri mpaka ikatoboa ukurasa, na siku zote nyingine zikalala kama uzi uliochoka. Neema alishika kichwa. Nikamwambia kwamba mvua inarudi mbinguni ni habari kubwa, tumwite mchungaji. Kumbe mpimaji wa zamani aliandika hasi tisa tisa tisa kila siku aliyoshindwa kupima, kama alivyofundishwa, na sisi hatukuiambia mashine kwamba ile si mvua, ni udhuru. Mambo kama haya yasemeni kwa mashine mapema, wakati wa kusoma faili, maana yenyewe haina aibu ya kuchora udhuru.

Kuna siku joto la mchana lilijipanga kwenye mhimili wa pembeni ishirini na tatu, kumi na tisa, ishirini na sita, ishirini, na kando yake maandishi yamebanana kama siafu. Kisa ni mtu mmoja kuandika neno "mbovu" katikati ya safu ya namba, na safu nzima ikageuka kuwa maneno. Maneno hayana mkubwa wala mdogo, laibrari ikayapanga kwa jinsi yalivyokuja. Na mkiuona mstari unaenda mbele na kurudi nyuma kama mlevi anayetafuta nyumba, kapangeni tarehe kwanza. Na mistari ya kituo cha jana ikitokea juu ya grafu ya leo, fungueni ukurasa mpya kabla ya kuchora, sanduku la jana halijafungwa. Haya yote ni makosa mema. Yanaonekana. Mtu anacheka, anarekebisha, anakunywa chai.

Lililonitoa jasho lilikuwa na sura nzuri kabisa.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Bondeni, ng'ambo ya mji mdogo wa Chimala, kuna skimu ndogo ya umwagiliaji ambayo jina lake nitaliacha, kwa kuwa watu wake wako hai na ni rafiki zangu. Mfereji wao unaanzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na kwenye banio kuna lango la chuma lenye kufuli. Mlinzi wa lango alikuwa Baba Tumaini, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na gitaa la zamani. Wakulima wa pale, Walutheri na Wakatoliki, walikubaliana tangu wazazi wao kwamba Jumapili lango linafungwa. Maji yanawaendea walio chini ya mto, na watu wanakwenda ibadani. Haikuwa sheria ya serikali. Lilikuwa neno lao tu, na Baba Tumaini alipewa kulitunza pamoja na funguo.

Kila siku lango lilipofunguliwa, Baba Tumaini alisoma kina cha maji mferejini, akampa karani wa skimu, Mama Sekela. Naye alitutumia kwa meseji ya simu namba tatu tu: ya wiki, ya siku, na ya kina. Hawakutumia tarehe, kwa sababu zamu zao za maji zinakwenda kwa wiki.

Mimi nilikuwa likizo Mafinga, kwenye kipaimara cha mjukuu wangu. Neema akakusanya meseji za msimu mzima, akachora grafu ya nguzo, kila siku ya wiki na wastani wa maji yake, akaipeleka kwa kamati ya skimu pamoja na ripoti. Jumanne akanipigia.

"Shikamoo Mama. Samahani kukusumbua kwenye sherehe."

"Marahaba binti. Sherehe imekwisha, tunasugua masufuria."

"Mwenyekiti wa skimu amenipigia kunishukuru."

"Hilo ni jema."

"Amenishukuru kwa kuwakamatia mwizi."

Nikaacha sufuria. Neema akaniambia kwa sauti iliyokuwa inapungua. Nguzo ndefu kuliko zote kwenye grafu yake ilikuwa ya Jumapili. Kwa hiyo, wakati watu wakiwa kwenye sala, lango lilikuwa wazi kuliko siku yoyote, na mwenye funguo ni mmoja. Kamati ingekaa kesho yake alasiri, Baba Tumaini akabidhi funguo. Baada ya hapo baraza la usharika lingemjadili kama anafaa kubaki mzee wa kanisa.

"Mama, mimi sikuandika neno mwizi popote. Nimechora tu."

"Najua. Data uliikagua?"

"Mara tatu. Hakuna maneno katikati ya namba, hakuna zile tisa tisa, wiki zimepangwa. Kodi inakwenda bila kulalamika."

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Usiku ule niliomba, lakini sikuomba Baba Tumaini awe hana hatia. Nimeishi kanisani maisha yangu yote na ninajua wazee wa kanisa ni watu. Nilimpenda, na nilijua kwamba kumpenda mtu si kipimo. Niliomba tuone kilichopo, kiwe chochote kile.

Asubuhi nilipanda basi la kuelekea Mbeya, Neema naye akaja kutoka Mbeya, tukakutana Chimala, kwenye mgahawa ulio jirani na stendi. Nikaagiza wali na samaki. Yeye hakuagiza kitu. Alifungua laptopu katikati ya sahani na bakuli la pilipili, na grafu ikatokea. Ilikuwa nzuri, wanangu. Rangi ya bluu tulivu, herufi zinasomeka, hakuna jina lililokatwa pembeni. Nguzo ya Jumapili ilisimama kama mnara wa kengele.

"Nisomee mhimili wa chini," nikamwambia.

"Mama, ni siku za wiki."

"Najua. Nisomee kama mtoto wa shule ya Jumapili."

Akasoma upesi, kwa kuniridhisha. "Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili." Kisha akaweka kidole kwenye kioo, akapita taratibu nguzo moja baada ya nyingine. "Mama. Jumanne iko wapi?"

Haikuwepo. Nguzo zilikuwa sita, zimekaa kwa nafasi sawa, na hakuna macho yaliyohisi upungufu. Shikeni hili, maana ni tabia ya kazi yetu. Siku isiyo na meseji hata moja, programu haikuiwekea sifuri. Iliiacha kabisa, na siku za jirani zikasogea, kama watu kwenye benchi la kanisa mmoja anapoondoka. Ukiingia umechelewa, huwezi kujua kwamba pale palikuwa na mtu.

"Kwa hiyo Jumanne hawafungui lango msimu mzima?" Neema aliuliza. "Hakuna aliyesema hivyo."

"Siku gani wao wanasema hawafungui?"

"Jumapili." Alinitazama. "Mpigie Mama Sekela. Mpigie, Mama, mimi nitalia."

Nikampigia, nikawasha spika ya simu ili Neema asikie.

"Habari za huko, Mama Sekela?"

"Za huku mbaya, dada. Kikao ni leo. Baba Tumaini hajatia kitu mdomoni tangu juzi."

"Nakuja. Ila nina swali dogo. Kwenye meseji zenu, Jumatatu unaiandika namba ngapi?"

"Tatu."

Neema akafunika mdomo kwa mikono miwili.

"Kwa nini tatu?"

"Dada, safari imekuchosha? Juma. Tatu. Ulitaka niandike nane?"

"Na zinazofuata?"

"Jumanne nne, Jumatano tano. Alhamisi sita, Ijumaa saba. Jumamosi ndiyo mosi. Jina lenyewe linasema."

"Na Jumapili?"

"Pili, mbili. Lakini hiyo mbili hamtaiona kwenu. Siku hiyo hatutumi kitu, lango limefungwa. Nimewaambia kamati hivyo, wakasema grafu ya wataalamu haikosei." Kisha akauliza, "Kwani ninyi mnaandikaje?"

Kwetu, Neema aliiambia mashine kwamba wiki inaanza Jumatatu, kama mashine nyingi zinavyotaka, na moja ni Jumatatu na saba ni Jumapili. Nami hapo nilikumbuka kwamba kwenye shule ya Jumapili nimefundisha watoto miaka yote kwamba siku ya Bwana ndiyo ya kwanza ya wiki. Lugha yetu inaanza kuhesabu Jumamosi, na tunaizungumza tangu utoto bila kuiuliza. Mama Sekela, ambaye nyumbani kwao walisema Kisangu na Kiswahili alikipokea darasani, alikipokea kama kilivyojieleza. Namba saba iliondoka kwake ikiwa Ijumaa, ikafika kwetu ikiwa Jumapili, na njiani hakuna aliyeiuliza jina. Ijumaa ndiyo zamu ya mashamba ya mwisho wa mfereji, na lango lazima lifunguliwe lote ili maji yafike huko.

Neema alikula ule wali wangu bila kujua, mkono mmoja ukiandika kodi. Aliipa kila namba jina lake kwa kadiri ya Mama Sekela. Kisha akailazimisha grafu ionyeshe siku zote saba, yenye maji na isiyo na maji. Akaihifadhi kabla ya kuionyesha, nami nikaliona hilo na kufurahi kimyakimya. Tulichapisha kwenye steshenari ya jirani, tukapanda bajaji.

Kamati ilikaa kwenye ghala la mpunga. Baba Tumaini alikuwa karibu na mlango, funguo ziko mezani mbele ya Mwenyekiti. Hakuinua macho tulipoingia.

Neema alisimama kabla hajaombwa. "Shikamooni wazee. Mimi ndiye niliyechora." Hakujificha nyuma yangu. Aliwaeleza habari ya saba na ya mbili, akaiinua grafu mpya waione.

Mwenyekiti alikunja uso. "Kwa hiyo kompyuta ilikosea."

"Hapana, mzee. Kompyuta ilihesabu nilivyoiambia. Ninyi mmehesabu kama jina linavyosema. Mimi ndiye sikuwauliza."

"Lakini Jumatatu ni siku ya kwanza," alisema mkulima mmoja. "Ndiyo siku ya kazi."

"Ya kwanza ni Jumapili," akasema mwalimu wa dini wa Wakatoliki. "Wewe ulikuwa umelala wapi ulipofundishwa?"

"Na Jumamosi je? Si ndiyo mosi? Mosi ni nini kwenu, ndizi?" Huyo alikuwa Mama Sekela, na hakukaa chini. Ghala zima liligawanyika makundi matatu, watu wakihesabu kwa vidole, na mmoja akauliza kama Kiswahili nacho kiitwe mbele ya kamati kijieleze. Vicheko vikaanza, kwanza kwa woga, halafu vya kweli. Mwenyekiti mwenyewe akahesabu kwa vidole chini ya meza. Nilimwona.

Kisha akaitwaa ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu. Siku hizo zote alikuwa amemwona rafiki yake kama mwizi, na haikuwa rahisi kwake kurudi. Akazisukuma funguo kidogo kidogo mpaka ukingo wa meza, upande wa mlangoni. "Tulikukosea, Baba Tumaini," alisema. Halafu, kwa kuwa hakujua aongeze nini, akamgeukia Neema. "Binti, grafu hii ina pengo hapa kwenye Jumapili. Kama jino limeng'oka. Huwezi kuzisogeza hizi nyingine, ipendeze?"

"Naweza, mzee," Neema alijibu. "Ni mstari mmoja tu wa kodi."

Baba Tumaini akasimama. Alikuja mpaka mezani, akaweka kidole pale kwenye nafasi tupu, kati ya nguzo ya Jumamosi na ya Jumatatu.

"Paache, binti," alisema. "Hapa ndipo pangu."

Akachukua funguo, akatoka kwenda langoni, maana ilikuwa Jumatano na wenye zamu walikuwa wanasubiri maji.